Mwenzao anarudi nyumbani, je, sauti yake ibaki?

Wanamuziki wa Dzaleka wapima programu ya tableti inayorudia sauti

Na Mwandishi Wetu, Lilongwe

KAMA wewe ni mfanyabiashara unayevuka mto Songwe pale Kasumulu na kushuka na barabara ya M1 kupitia Karonga na Mzuzu, bila shaka umewahi kuipita njia panda ya Dowa kabla ya kuingia Lilongwe. Wengi wetu hatusimami pale. Mzigo uko juu ya gari, kwacha haitabiriki na soko halimngoji mtu.

Safari hii nilisimama. Nilikuwa nimeletewa ujumbe na mpiga gitaa mmoja, mzaliwa wa Uvira, ambaye tulifahamiana miaka ya nyuma alipokuwa akija Lilongwe kununua nyuzi za gitaa. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Yaya, kuja utusikilizie kitu. Tuko na siku saba tu, mbili zimeisha."

Aliniita mimi kwa sababu anajua kwamba kabla ya kushika kalamu nilipiga besi katika bendi za dansi kule Mbeya. Sikuwa mpigaji wa kutajwa, lakini masikio hayastaafu. Nikashusha begi, nikachukua gari la kuelekea Dowa, na baada ya mwendo mfupi nikawa Dzaleka.

Kwa asiyeifahamu, Dzaleka ni kambi ya wakimbizi iliyoko wilaya ya Dowa, zaidi ya kilometa 40 kutoka Lilongwe. Mahali hapo palikuwa gereza wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Mwaka 1994 pakageuzwa kuwa makazi ya wakimbizi, yaliyopangwa kwa watu kati ya 10,000 na 14,000. Leo wamepita 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Ukishuka garini unaweza kudhani uko Kigoma au Bukavu, kwani Kiswahili ndicho kinachouza nyanya, kinachohubiri na kinachotongoza.

Bendi iliyokuwa ya watu watano

Nilimkuta mwenyeji wangu mtaa wa Kawale, katika chumba cha matofali ya udongo wanachofanyia mazoezi. Wenzake walikuwa watatu: mpiga gitaa la rithimu, mtu mzima kutoka Makamba, Burundi, mpiga dramu, kijana aliyezaliwa hapo hapo kambini, na mwimbaji, mama wa watoto wawili, ambaye ndiye mweka hazina. Waliniomba nisiandike majina yao, kwa kuwa baadhi yao wana mafaili yanayosubiri majibu. Nimeheshimu.

Zamani walikuwa watano. Mpiga besi alihamishiwa Marekani mwaka 2022 chini ya mpango wa kuwapa wakimbizi makazi katika nchi ya tatu. Aliacha gitaa lake likining'inia ukutani. Sasa mzee wa rithimu naye amejiandikisha kurudi Burundi kwa hiari, na ameambiwa ajiweke tayari. Bendi ambayo imepiga harusi, misiba na makanisa kwa zaidi ya miaka kumi itabaki na watu watatu.

Ndipo mweka hazina aliposikia, kupitia kwa kaka yake aliyeko ng'ambo, kuhusu programu ya tableti inayoweza kurekodi gitaa na kulirudia bila kuchoka. Wakaenda Lilongwe, kwenye maduka ya Mji Mkongwe, wakampata muuzaji mwenye iPad iliyokwishatumika. Muuzaji akakubali wakae nayo wiki moja. Rehani waliyoacha ni lile gitaa la besi.

Masharti yalikuwa hivi: siku ya saba warudishe tableti wachukue gitaa lao, au waache gitaa, waongeze akiba yao yote, tableti iwe yao. Akiba hiyo walikuwa wameiweka kwa ajili ya kununua amplifaya ya pili. Ndiyo maana mwenyeji wangu hakuwa na mzaha katika ujumbe wake.

Programu yenyewe inafanya nini

Wanamuziki huita kitu hiki lupu, yaani kipande cha sauti kinachojirudia. Unagusa duara kwenye kioo, unapiga gitaa kwa hesabu nne au nane, unagusa tena. Ulichopiga kinaanza kuzunguka chenyewe. Unaongeza sauti ya pili juu yake, ya tatu, mpaka mtu mmoja anasikika kama kundi.

Jambo lenyewe si geni. Kampuni ya Boss ya Japani ilitoa mashine ya kukanyaga kwa mguu iitwayo RC-20 mwaka 2001, na tangu hapo wapiga gitaa wengi duniani wamefanya kazi nayo. Kilichobadilika ni kwamba kazi hiyo sasa inafanywa na tableti. Programu waliyokuwa wakiipima inaitwa Loopy Pro. Iliandikwa na Michael Tyson wa Australia na ikatoka mwishoni mwa 2021, ikiwa mrithi wa Loopy HD. Kwa wenyeji wangu ilikuwa mpya kabisa. Inatoa siku saba za kujaribu bure, kisha unalipa mara moja, takriban dola 30. Haifanyi kazi kwenye tableti za Android, bali kwenye vifaa vya Apple tu.

Dola 30 kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi si haba, lakini kwa Dzaleka ni mlima. Itakumbukwa kwamba Novemba 2023 Malawi ilishusha thamani ya sarafu yake, dola ikapanda kwa siku moja kutoka kwacha 1,180 hivi hadi 1,700. Bidhaa za nje zote zikapanda nayo.

Mwenyeji wangu alinionyesha kwa vitendo. Alimwomba mzee wa rithimu apige mzunguko mmoja wa seben. Wapenzi wa muziki wa Kongo wanafahamu kwamba seben ni sehemu ile ambapo maneno yanakwisha na magitaa yanachukua uwanja. Rithimu inarudia kipande kile kile, mi-solo inajibu katikati, na solo inacheza juu. Kwa maneno mengine, wapiga gitaa wa Kinshasa na Lubumbashi walikuwa wakitengeneza lupu kwa vidole miaka mingi kabla ya tableti kubuniwa.

Mzee akapiga. Duara likazunguka. Akanyanyua mkono wake kutoka kwenye nyuzi, na rithimu ikaendelea. Mwimbaji akapiga makofi. Mpiga dramu akainamisha kichwa, akawa anachezea fimbo zake. Nililitia jambo hilo akilini.

Sauti inapochelewa

Siku iliyofuata tulianza upimaji wa kweli. Kijana mmoja jirani alileta tableti yake ya Android ya zamani, akiwa na hoja ya msingi: kwa nini mweke gitaa rehani wakati zipo programu za bure? Ni kweli zipo. BandLab haitozwi na inafanya kazi kwenye simu za aina zote mbili. Ipo pia Koala Sampler, ambayo bei yake ni ndogo.

Tukajaribu. Mpigaji alipogusa uzi, sauti yake ilitoka kwenye spika ikiwa imechelewa, kiasi kwamba sikio lilitambua. Akirekodi lupu ya pili juu ya ya kwanza, ya pili inakokota miguu. Baada ya lupu tatu ikawa kama kwaya ambayo kila mtu amefika kanisani kwa saa yake.

Sababu yake inaeleweka. Sauti hewani husafiri takriban meta 340 kwa sekunde. Kifaa kikichelewesha sauti kwa sehemu kumi za elfu za sekunde, ni sawa na kumsikiliza mwenzako aliye umbali wa meta tatu na nusu. Hilo kila bendi imelizoea. Lakini kikichelewesha kwa sehemu mia moja za elfu, ni kama mpiga dramu amesimama meta 34 kutoka kwako. Hakuna bendi inayopiga hivyo. Tableti nyingi za Android za miaka ya nyuma zilikuwa na tatizo hilo. Google walianza kulishughulikia kwa dhati katika toleo la 8 la mwaka 2017, na vifaa vipya vya bei ya juu vimekuwa bora zaidi. Vya bei nafuu bado ni bahati nasibu.

Hata hivyo, iPad nayo ilitutia aibu mwanzoni. Ilichelewa vile vile! Tulihangaika karibu saa nzima mpaka mpiga dramu, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alipouliza: "Baba, mbona spika hiyo haina waya?" Tulikuwa tumeiunganisha kwa Bluetooth, ambayo yenyewe huchelewesha sauti kuliko tableti. Tukachomeka waya, tatizo likaisha.

Waya nao una hadithi yake. Nilikuwa nimenunua mjini kiunganishi cha kuingizia gitaa kwenye tableti, kwenye meza moja ambayo sitaitaja. Kilifanya kazi dakika ishirini kisha kikaanza kunguruma kama jenereta. Tukaazima kingine kanisani.

Ngoma yaikataa saa

Jioni ya siku ya tano alikuja jirani mwingine, mpiga ngoma wa Kirundi. Ngoma hizo ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, na hapa Dzaleka vijana wanazipiga kama ziko nyumbani Gitega. Alitaka kujua kama mashine itamfuata.

Haikumfuata. Programu ilikuwa imewekwa ihesabu nne kwa nne, kwa mlio wa saa yake yenyewe, na ngoma inakwenda tatu ndani ya mbili, tena inasukuma mbele kadiri wachezaji wanavyopanda. Lupu ilikatika pasipo mahali pake. Jirani akacheka: "Hii haijui kucheza, inajua kuhesabu tu."

Baadaye tuligundua kwamba unaweza kuizima ile saa, ukaiacha lupu ya kwanza ndiyo iweke mwendo. Hapo ikatii. Lakini bado mwendo ule ule uliouanza ndio utakaoumaliza, isipokuwa uubadilishe mwenyewe. Katika seben, mwenyeji wangu alinikumbusha, watu wakikolea bendi nayo hukaza. "Yaya, hii mashini iko muzuri," alisema. "Lakini haitoke jasho."

Maneno hayo yalinikumbusha Madalitso Band, wale mabwana wawili waliotoka kupiga mitaani hapa Lilongwe hadi Sauti za Busara kule Zanzibar na majukwaa ya Ulaya. Yobu Maligwa anavuta babatoni, besi ya uzi mmoja, na Yosefe Kalekeni anapiga gitaa huku mguu wake ukigonga ngoma. Watu wawili wanasikika kama kundi, bila tableti, na jasho lipo.

"Nikiwa ndani ya mashine, nitalipwa?"

Usiku wa siku ya sita ndipo jipu lilipopasuka. Mpiga dramu alisimama. Akawaambia wakubwa zake, kwa heshima, kwamba ameona jinsi kinanda chenye midundo ya kutayarishwa kilivyowaondoa wapiga dramu katika makanisa kadhaa hapo kambini. Leo ni rithimu kwa sababu mzee anaondoka. Kesho itakuwa dramu, kwa sababu ruhusa ya kwenda kupiga Lilongwe ni ngumu na ni rahisi kumwombea mtu mmoja kuliko wanne.

Hofu yake ina msingi. Malawi iliukubali mkataba wa wakimbizi wa 1951 kwa kuweka masharti, likiwemo linalohusu uhuru wa kutembea. Machi 2023 serikali iliagiza wakimbizi wanaoishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, na Mei mwaka huo polisi wakaanza kuwakusanya. Tangu hapo kazi nyingi za bendi kama hii zimebaki ndani ya kambi, na Tamasha la Tumaini, lililoasisiwa mwaka 2014 na mshairi Mkongo Menes La Plume, limekuwa miongoni mwa nafasi chache ambapo mji unakuja kambini badala ya kambi kwenda mjini.

Kijana akamalizia: "Nikiwa ndani ya mashine, nitalipwa?"

Hakuna aliyejibu. Nikaona nichangie kisa kimoja ninachokifahamu. Mwaka 2014, katika kipindi maarufu cha televisheni Marekani, mtangazaji Jimmy Fallon alichukua iPad yenye programu ya Loopy, akarekodi sauti juu ya sauti pamoja na Billy Joel, wakaimba The Lion Sleeps Tonight. Watu wengi duniani waliijua programu hiyo kwa siku ile. Wimbo wenyewe umetokana na Mbube, uliorekodiwa Johannesburg mwaka 1939 na Solomon Linda, Mzulu aliyeuuza kwa shilingi kumi. Alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Wimbo ulizunguka dunia, ukaingia hadi katika filamu ya The Lion King ya 1994, na familia yake ilipata makubaliano ya malipo mwaka 2006, baada ya kwenda mahakamani.

"Kwa hiyo," akasema mzee wa rithimu, "sauti inaweza kuzunguka miaka sitini na mwenyewe asile."

Mweka hazina akachomoa karatasi kutoka kwenye daftari la mtoto wake. Waliandika mambo manne. Kwanza, lupu ya mtu aliyeondoka ikitumika katika kazi ya malipo, atatengewa nusu ya fungu la mpigaji, na atatumiwa kwa simu. Pili, dramu haitarekodiwa maadamu mpiga dramu yupo. Tatu, rekodi zote zitahifadhiwa nakala mbili, moja aondoke nayo mzee. Nne, tableti ni mali ya bendi, haiuzwi wala kuwekwa rehani bila wote kukubali. Wakatia saini. Mpiga dramu alikuwa wa mwisho.

Kwa wanaorudi na wanaouza

Kabla sijamaliza, nawaachia wasomaji wa ukurasa huu machache tuliyojifunza. Wapo watakaorudi nyumbani na vifaa vya aina hii, na wapo watakaoviuza.

Programu haikai ndani ya tableti kama betri. Inafuata akaunti iliyoinunua. Ndugu yako wa Ulaya akikununulia kwa akaunti yake kisha akaifunga, umepoteza. Fungua akaunti yako mwenyewe. Kwa anayenunua iPad iliyotumika, hakikisha mwenye nayo wa kwanza ameiondoa katika akaunti yake mbele ya macho yako. Vinginevyo umenunua sahani.

Angalia tundu la waya wa sauti. Katika iPad za kawaida, toleo la tisa la mwaka 2021 ndilo la mwisho kuwa nalo. Za baada ya hapo zinahitaji kiunganishi. Usitumie spika ya Bluetooth kwa kazi hii. Kumbuka pia kwamba dakika moja ya sauti isiyobanwa, ya pande mbili, hula takriban megabaiti 10, hivyo nafasi si jambo la kupuuza. Na ukiuziwa kiunganishi, kijaribu zaidi ya dakika ishirini.

Siku ya saba

Asubuhi ya siku ya saba tulikwenda Lilongwe watatu: mwenyeji wangu, mweka hazina na mimi. Wao walikuwa na kibali cha siku moja. Gitaa la besi lilikuwa limetundikwa nyuma ya kaunta, kati ya pasi na redio.

Mwenyeji wangu alimwomba muuzaji jambo moja kabla ya kukabidhiana. "Mzee wangu, tupatie dakika kumi na ile gitaa." Muuzaji akakubali. Kisha akanigeukia mimi, akanikabidhi besi. Vidole vilikuwa vimelala, lakini nyimbo zao nazijua. Nilipiga mizunguko minne ya nyimbo nne, dukani, wateja wakisimama mlangoni, na duara likazunguka kwenye kioo. Kisha gitaa likarudi ukutani na akiba ikahesabiwa juu ya kaunta, noti kwa noti.

"Yaya, na wewe sasa uko ndani," mwenyeji wangu aliniambia tulipotoka. "Nusu fungu."

Jioni ile, nikiwa nimewasindikiza hadi Kawale, walianza kumrekodi mzee wa rithimu. Walikuwa na nyimbo kumi na saba za kumaliza na hawakujua ataitwa lini. Alipomaliza wa tatu aliinuka kwenda kunywa maji nje. Rithimu yake ikaendelea. Mpiga dramu akaingia juu yake, mwepesi, kisha mwimbaji, na solo. Wote wanne, kwa mazoea ya miaka yote, walikigeukia kiti chake pale penye badiliko, kumtazama kama wafanyavyo siku zote. Wanne, nasema, kwa maana na mimi nilitazama.

Mzee akarudi, akasimama mlangoni na kikombe mkononi, akajisikiliza. "Pale kati nimekosea," alisema. "Tupige tena."